Aliyeshona Alichokiona

Mwalimu hakupenda kuambiwa kwamba kazi yake ni nzuri. Ukimwambia, alikuuliza, "Nzuri wapi?" Na ole wako kama huna pa kuonyesha. Siku moja alikuja mgeni wa hoteli, bwana mwenye heshima zake, akasimama mbele ya kitambaa cha Mwalimu cha matope ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, maji yakiwa yamekupwa. Akatia kidole katikati ya yale matope, akasema kinatuliza moyo kweli. Mwalimu akamtazama toka viatu hadi kofia. "Hapo ulipotia kidole, bwana, alizama mtu tuliyemjua. Haya, moyo ushatulia?" Mgeni hakununua kitu. Sisi tukainamia sindano zetu tukijifanya hatukusikia, na mwenzangu Kadzo akajichoma kidole kwa kuzuia kicheko.

Namwita Mwalimu kwa sababu pale karakanani hakuna aliyemwita vingine. Kwao ni wapi na aliolewa na nani, sikupata kujua sawasawa, na aliyeuliza alijibiwa kwa swali. Karakana yetu ya kushona ilikuwa Bombolulu, Mombasa. Si ile kubwa inayojulikana. Yetu ilikuwa vyumba viwili vya mabati nyuma ya maduka, wanawake saba na meneja mmoja. Alinifundisha kwa miaka tisa. Leo kiti chake nakikalia mimi, na wanafunzi wapya wananiita mimi Mwalimu, na kila wakiniita nageuka kumtafuta yeye. Jinsi nilivyokipata kiti hicho ndiyo sababu ya kuandika haya. Kwa hivyo anayenisoma asinichukulie kuwa mtu mwema mpaka afike mwisho, na hata huko mwisho aamue mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kushona nchi. Nasema nchi kwa maana ya ardhi, maji na miti: hori na mikoko yake, mashamba ya mihogo ya Utange, machimbo ya mawe yaliyoachwa yakaota magugu, mvua inayokuja toka bara ikiwa imeinamia upande mmoja. Tulishona kwa masalio. Leso zilizochakaa, kaniki nyeusi, magunia, marekani nyeupe tuliyoitia rangi wenyewe kwa manjano na kwa magome ya mkandaa, mti wa hori. Kipande juu ya kipande, kisha tarizi juu yake, hata ukuta mzima ukafunikwa.

Sheria yake ilikuwa moja tu na aliishika kwa ukali wa askari jela. Huendi na karatasi, huendi na simu ya kupiga picha. Unakwenda, unaketi nusu siku, unaangalia, unarudi, unashona. Ukisahau, unarudi tena kuangalia. Na huanzi kwa mbingu. Unaanza chini kabisa, palipo na miguu yako, unapanda. Mbingu inashonwa mwisho, kwa vipande vilivyobaki. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Wee Sidi, ulishaona mtu kasimama juu ya mbingu?"

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mizizi. Mkoko mizizi yake inapinda kutoka shinani na kuingia topeni, mti unasimama kama uliojishika kiuno. Mchu hauko hivyo. Wenyewe mizizi yake inachomoza topeni wima, vijiti vitupu, maelfu. Mimi mtoto wa Rabai, nimekulia minazini, nilidhani miti ya majini yote ni ndugu. Nikashona ukingo wa hori, nikaweka mikoko yenye mizizi ya kupinda mahali ambapo kila mtega kaa anajua ni pa mchu. Siku tatu nzima nilishona. Mwalimu akaja, akatazama, akachukua mkasi akaanza kufumua bila kuniambia neno. Alifumua mpaka akafika topeni. Kisha akanikabidhi kitambaa kitupu.

"Ulikwenda kuangalia?"

"Nilikwenda, Mwalimu."

"Uliangalia au ulipumzika?"

Nilirudi hori mara tatu kwa ajili ya mizizi hiyo. Mara ya tatu alinifuata. Hilo lilikuwa jambo, kwa maana mguu wake wa kushoto ulikuwa umekauka tangu utotoni na alitembea kwa gongo, na gongo topeni linazama. Lakini yeye alikuwa na dawa yake. Alilifunga kifuu cha nazi kwenye ncha, kikiwa kimeifunika, halafu akaingia topeni kwa gongo hilo, haraka kuliko mimi mwenye miguu yangu miwili. Nilipomshika mkono nimsaidie, alinipiga kofi dogo mkononi. "Shika wako."

Alikuwa mkali, tena wakati mwingine mkali bila haki. Kadzo alifiwa na mamake, akarudi kazini baada ya wiki, na neno la kwanza aliloambiwa ni kwamba upindo wake umekwenda upande. Jioni ile ile Mwalimu alimtumia nazi sita na mchele na hakutaka kushukuriwa. Alichukia kusifiwa, lakini mpiga picha akitokea alikuwa wa kwanza kujifunga leso mpya. Na kubwa zaidi, mwanamke huyu aliyefumua kazi ya siku tatu kwa sababu ya mizizi alikuwa mwongo wa kutupwa kwa mdomo. Umri wake ulibadilika kila mwezi. Alimwambia mchungaji kwamba yeye amefunga na huku mahamri yako chini ya kiti. Watu wa kuazima viti vya harusi aliwaambia hana, na sisi tumevikalia. Nilimkabili siku moja, kwa utani.

"Mwalimu, mbona kitambaa hukidanganyi na watu wawadanganya?"

Hakucheka. "Mdomo wangu ni wangu, nautumia nitakavyo. Kitambaa ni cha watu. Kikishatundikwa, mie siko tena kukitetea."

Na watu walilijua hilo. Walikuwako ndugu wawili huko Utange waliogombania mpaka wa shamba. Mkubwa alidai mpaka ulikuwa kwenye mbambakofi, mdogo akasema mbambakofi haujapata kuwako, na kweli hapakuwa na mti, palikuwa na mihogo tu. Mtu mmoja akakumbuka kwamba Mwalimu aliwahi kushona shamba lile, na kitambaa kiko kwa nesi mmoja mstaafu. Wazee wakakichukua, wakakipeleka shambani, wakasimama nacho pale pale alipoketi yeye alipoangalia. Mti ulikuwako kitambaani, mkono wa kulia wa kisima. Wakachimba mkono wa kulia wa kisima, wakapata kisiki. Tangu hapo, upande wetu ule, watu wakibishana mpaka mmoja akashindwa, huambiwa, "Basi, Mwalimu kashashona."

Sasa nije kwenye macho yake.

Mwaka wangu wa nane, alitarizi majani ya mihogo kwa uzi wa buluu. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huo ni buluu." Akasema, "Najua." Lakini alasiri nilirudi kuchukua mwavuli nikamkuta anafumua, uso karibu ugusane na kitambaa. Wiki iliyofuata akaniambia nimsindikize kliniki ya macho. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, la kushoto, ndiyo kwanza linaanza, na dawa yake ni kupasuliwa likikomaa. Tulipotoka pale nje aliniapisha. Nisimwambie meneja, nisimwambie Kadzo, nisimwambie mtu. "Wakijua watanihurumia, na mtu wa kuhurumiwa hapewi sindano." Niliapa. Nilijiona mkubwa siku ile, kwa kubeba siri ya mtu ambaye hakuwa akimwamini mtu. Na tangu siku ile nikaanza kumchunga. Nikawa napanga nyuzi zake kabla hajafika, kijani huku, buluu kule. Sikujua kwamba kumchunga mtu kunaweza kukufanya uache kumsikiliza.

Ndipo ikaja kazi ya ukumbi. Wazee wa kanisa moja karibu na hori walikuwa wamemaliza ukumbi wao, wakataka kitambaa cha ukuta wa mbele, pima mbili kwa upana, karibu mita nne, kionyeshe hori lao. Mwalimu aliikubali upesi kuliko kawaida yake. Alikwenda kuangalia si mara moja wala mara mbili. Alikwenda wiki nzima, na mzee mmoja mtega kaa, na kila alipoulizwa anakwenda sehemu gani alisema, "Ndani." Mimi hakunichukua. Nilitaka kufuata, akasema mguu wangu una kelele.

Alishona kwa miezi miwili na hakutaka mtu asimame nyuma yake. Ijumaa alikata uzi wa mwisho, akakikunja kitambaa, akanipa ufunguo wa karakana. Kazi yangu ilikuwa kutia bitana na vitanzi vya kutundikia. Jumatatu asubuhi kingebebwa kwenda ukumbini.

Jumamosi nikakifungua peke yangu, nikakitandaza sakafuni.

Tope lilikuwa tope lake, hakuna mwingine awezaye. Maji yalikuwa maji. Lakini michu yote ya upande wa ndani, na ilikuwa mingi, majani yake ni ya kijivu. Si kijani, kijivu, kaniki iliyopauka na gunia. Na kwenye mashina, kwenye kila shina, palipita mstari wa uzi mweusi, kimo kimoja, toka mwanzo wa kitambaa hadi mwisho.

Nikasema, macho yamekwisha. Kachukua kijivu akidhani kijani, na huu uzi mweusi kaudhani kahawia wa kivuli. Nikamwona akilini mwangu, Jumatatu mbele ya watu wote, wanamnong'ona, na meneja amesimama pale. Nilimwonea huruma mpaka nikalia. Halafu nikachukua mkasi.

Nilifumua mstari mweusi wote kwa ncha ya mkasi, shina kwa shina. Nikakata leso ya kijani, vipande vidogo vidogo, nikavishona juu ya kijivu. Jumamosi sikumaliza. Jumapili watu wako kanisani, mimi nimefungua karakana nashona. Kadzo akapita akitoka ibadani, akaona mlango wazi, akaingia.

"Mbona wabandika?"

"Mwalimu kasema."

"Kasema mwenyewe?"

"Kadzo, si nimekwambia kasema!"

Akanitazama, akaondoka. Neno moja tu lingetosha. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Ningekwenda nikamuuliza, Mwalimu, hiki kijivu ni nini? Sikwenda, kwa kuwa nilidhani najua, na pia, nikisema kweli tupu, kwa kuwa ilinipendeza kwamba safari hii mimi ndiye ninayefumua kazi yake.

Jumatatu nilifika ukumbini nikitarajia maombi na chai. Nilikuta viti vimejaa. Walikuwako watega kaa na wake zao, alikuwako naibu wa chifu, alikuwako afisa wa mazingira na faili lake, na mbele kabisa bwana wa kampuni moja inayoosha matangi ya mafuta huko juu ya hori. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alifungua mkutano. Ndipo nikaelewa ni mkutano gani. Watu wa hori walilalamika kwamba kampuni inamwaga uchafu wake usiku na michu ya ndani imekufa. Kampuni ilisema si kweli. Afisa alikuja kusikiliza pande zote mbili, si kuingia topeni, ili kibali cha kampuni kifutwe au kiendelee. Watega kaa walikuwa na picha kwenye simu, na yule bwana alikwisha sema picha za simu siku hizi hata mtoto anazitengeneza. Kwa hivyo walikuwa wamemngoja mtu mmoja ambaye hakuna aliyepata kumshika na uongo kitambaani.

Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mapajani pangu. Nilitafuta njia ya kutoka nikaona mlango uko mbali na watu wamesimama hata mlangoni. Vijana wawili wakakichukua mikononi mwangu, wakapanda ngazi, wakakitundika.

Kijani. Ukuta mzima umependeza kwa kijani.

Mwalimu aliinuka na gongo lake, akaenda mpaka ukutani, akapitisha kidole kwenye shina moja, pale palipokuwa na mstari, na najua alivisikia vitundu vya sindano kwa sababu hata mimi nilivisikia nilipofumua. Akageuka.

"Rangi hii si yangu," akasema.

Bwana wa kampuni alitabasamu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. "Wazee, tusipelekwe na story. Mama mwenyewe ameshona mikoko, iko fiti, iko green. Pengine ni macho tu, mama. Umri."

"Macho yangu yaliona kijivu na nikashona kijivu! Michu imekufa yote, na mafuta yamefika hapa." Akajipiga kiunoni kwa mkono. Watu wakaanza kunung'unika. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema aliyependa mambo yaende taratibu. Akanitazama mimi.

"Wewe binti ndiye msaidizi wake. Hii ni kazi ya nani?"

Mwalimu naye akanitazama. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa akingoja tu, kama alivyonigoja mara nyingi nitaje jina la mti. Ningesema, ni mimi, mzee, nilidhani anakosea, na kila kitu kingepona. Niliona kiti changu karakanani, niliona meneja kasimama mlangoni, niliona macho yote yale. Na bado, Mungu anisamehe, kipande cha moyo wangu kilikuwa kikisema labda kweli kakosea.

"Ni kazi ya Mwalimu," nikasema.

Mwenyekiti akaguna. Akamwambia kwa heshima, "Mama, umechoka. Kapumzike." Na Mwalimu akatoka, gongo lake likigonga sakafu mpya ya ukumbi, na hakuna aliyempisha haraka vya kutosha.

Jumatano nilikwenda hori, ndani, alikokuwa akienda. Nilivua viatu nikatembea mpaka nikafika. Michu ilikuwa imesimama, majani yake yaliyobaki ni ya kijivu, na kwenye kila shina, kimo cha kiuno changu, ulipita mstari mweusi wa mafuta. Niliugusa ukanipaka kidole. Hapakuwa na kaa. Hapakuwa na mlio wowote. Nilikaa juu ya gogo mpaka maji yalipoanza kujaa.

Kibali cha kampuni kiliendelea. Mwalimu hakurudi karakanani. Meneja alisema macho yamemshinda, tumshukuru kwa yote, akanunua soda na keki, na mimi nikainywa soda ile. Mwezi uliofuata nikapewa kiti. Kadzo alinivuta kando siku hiyo akaniambia, "Mie sisemi. La kusema ni lako. Lakini usinizoee." Na hakunizoea tena, hadi leo tunasalimiana kama wapangaji. Watu wa hori wakikutana na Mwalimu sokoni walimpa pole ya macho, na nilisikia kwamba alikuwa akiipokea bila kujibu, mpaka akahamia Likoni kwa mtoto wa dada yake.

Miaka mitatu. Sitasema nilikuwa nikilia kila siku, maana si kweli. Nilifundisha, nilikula, nilikwenda harusi. Lakini sikuwahi tena kumpeleka mwanafunzi upande ule wa ndani, na walipouliza kuna nini huko, nilisema kuna mbu.

Mwaka huu nikavuka kwa feri kwenda Likoni. Nilimpata Timbwani, nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa amevaa miwani. Alishapasuliwa jicho, nikaja kuambiwa baadaye. Vidole vyake vilikuwa vikirusha chuya na vijiwe vidogo ambavyo mimi niliyesimama juu yake sikuviona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti. Mkeka uko pale."

Niliketi. Hakuniuliza habari za Bombolulu. Niliongea habari za mvua, za nauli, za Kadzo, naye akawa anasema "eeh" na kurusha chuya. Mwisho nikakosa la kupitia.

"Mwalimu, kile kitambaa cha ukumbini. Kijani kile nilikishona mimi."

"Hilo nalijua. Wavuta uzi sana, siku zote nakwambia. Nilijua pale pale ukutani." Akatikisa ungo. "Jipya ni lipi?"

"Nilidhani macho yako—"

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Na mwenyekiti alipokuuliza wewe?"

Machozi yalikuja na yeye hakuyajali, aliendelea na mchele wake mpaka akamaliza upande mmoja wa ungo. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamwambia nitaacha kiti, nitamrudishia.

"Kiti nikifanye nini, mie na mguu huu na feri? Kaa nacho." Akavua miwani, na kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wajua nilichochukia? Si kijani. Kijani ni ujinga, na ujinga nimeufundisha miaka mingi. Wewe ulinijua, Sidi. Ulinijua kuliko mtu. Nikasimama pale nikasema, huyu atasema."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Waniambia mie, mie ninayejua. Hilo rahisi. Mie sikuaibishwa hapa uani." Akairudisha miwani. "Ukumbini siku ile walikuwako watu wangapi?"

"Ulijaa."

"Basi."

Akamwita mtoto wa dada yake alete maji ya kuosha mchele. Nilikunywa chai, niliaga, hakunisindikiza.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye kanisa lile. Baada ya ibada watu huingia ukumbini kunywa chai, na kitambaa kilikuwa bado ukutani, kijani kimepauka kidogo. Nilimwomba mwenyekiti dakika tano. Ni yule yule, ila sasa ndevu ni nyeupe. Nikasimama mbele na nikasema yote, kuanzia mkasi hadi neno langu siku ile, na nikawaambia nilichokiona Jumatano nilipokwenda. Mama mmoja wa watega kaa aliyekuwa nyuma, ambaye mumewe siku hizi anabeba mawe machimboni, akauliza, "Na hori letu je? Nani ataturudishia?" Nikamwambia jibu sina. Watu wengine walikwisha weka vikombe chini. Mmoja aliniita jina ambalo sitaliandika, na lilinifaa.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina namba ya simu ya Mwalimu. Nikamtajia, akaiandika kwa taabu, kidole kimoja kimoja, akatoka nje akasimama dirishani tukimwona mgongo. Simu iliita mpaka ikapokelewa. Tulimsikia akisema, "Shikamoo, Mwalimu." Kisha akasema, "Ulishona kweli, mama. Tumekukosea."